Mamba mdogo wa enzi ya Jurasi na jinsi wanyama wa kale wanavyopewa majina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, walimu na wageni wa Kisumu na Nakuru huyarudia kila mazungumzo yanapofika kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Mwongozo wetu ni mnyama mmoja mdogo, *Fruitachampsa callisoni*, kwa sababu safari ya jina lake inapita karibu na kila kanuni tunayoihitaji. Jambo likiwa limeelezwa chini ya swali jingine, nimekuelekeza huko.

## Mnyama mwenyewe

Fruitachampsa ni mnyama gani?

Ni jamaa wa mamba aliyeishi miaka takribani milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa enzi ya Jurasi, mahali ambapo leo ni magharibi mwa jimbo la Colorado nchini Marekani. Kutoka puani hadi ncha ya mkia hakufika mita moja. Mifupa yake ilichimbwa katika miaka ya 1970 karibu na mji mdogo wa Fruita, katika matabaka yale yale ya miamba yaliyotoa dinosaria wakubwa wanaojulikana duniani kote.

Usimfikirie kama mamba wa Ziwa Victoria aliyepunguzwa ukubwa. Pua yake ilikuwa fupi, na miguu mirefu na myembamba, ya mnyama wa kutembea nchi kavu, si wa kujilaza majini akisubiri windo. Mbele ya taya la chini kulikuwa na meno mawili marefu kama chonge. Mtu anayeliona fuvu lake kwa mara ya kwanza hahisi kwamba anamtazama mamba, na hiyo ndiyo sababu ya swali linalofuata.

Kama hakufanana na mamba, walijuaje kwamba ni jamaa wa mamba?

Ukoo hautambuliwi kwa sura ya jumla. Hutambuliwa kwa alama ndogo za mifupa zinazorudi kwa kila mmoja wa ukoo huo. Alama ninayoipenda kuliko zote iko kwenye kifundo cha mkono. Kwa reptilia wengi, mifupa ya hapo ni vipande vidogo vya mviringo, kama vile kokoto. Kwa ukoo wa mamba, miwili kati yake imerefuka ikawa kama vifimbo vifupi, kiasi kwamba mkono unaonekana kuwa na kiungo cha ziada. Mamba wa leo anayo mifupa hiyo, na jamaa zake waliokimbia nchi kavu zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita walikuwa nayo pia.

Alama nyingine ziko kwenye fuvu: namna mfupa unaobeba taya la chini unavyoegemea na kushikana na mifupa inayouzunguka ubongo, na namna kaakaa lilivyojengwa. Mtaalamu huzipitia moja moja na kuzilinganisha na wanyama wengi kabla ya kuthubutu kusema huyu ni wa ukoo gani.

Basi ni babu wa mamba wa Ziwa Victoria?

Hapana. Ni wa tawi la pembeni, na tawi hilo limekwisha. Jamaa zake wa karibu zaidi wanaojulikana walipatikana Asia, hasa Mongolia na China. Ukoo wa mamba ulianza kabla ya Jurasi na ukatoa matawi mengi: wakimbiaji wa nchi kavu, waogeleaji wa bahari kuu, hata walaji wa mimea. Mamba tulio nao leo, akiwemo *Crocodylus niloticus* wa ziwa letu, ni mabaki ya tawi moja tu. Kwa hiyo msemo kwamba mamba "hajabadilika tangu wakati wa dinosaria" si wa kweli.

Enzi ya Jurasi ilikuwa lini?

Ilianza miaka takribani milioni 201 iliyopita ikaisha miaka takribani milioni 145 iliyopita. Kabla yake kulikuwa na Triasi, na baada yake Kretasia.

Kuna jamaa wengine wadogo wa mamba wa Jurasi?

Wako wengi. *Protosuchus* wa Arizona alikuwa na urefu wa kama mita moja. *Burkesuchus* wa Chile, aliyetangazwa mwaka 2021, alikuwa na kama sentimita 70. Afrika tunaye *Orthosuchus stormbergi* wa Lesotho, aliyeelezwa na Nash mwaka 1968. Wakati huo miamba yake ilihesabiwa kuwa ya Triasi. Leo inahesabiwa kuwa ya mwanzo wa Jurasi. Umri umesahihishwa, jina halikuguswa. Huo ni mfano mzuri wa kanuni utakayoikuta chini ya swali la majina yanayodanganya.

## Na huku kwetu?

Mnyama wa Jurasi anaweza kupatikana Nyanza, Magharibi au Nakuru?

Sioni njia, na sababu iko chini ya miguu yetu. Kisukuku cha Jurasi hupatikana katika mwamba wa Jurasi, na sisi hatuna. Miamba ya msingi ya Nyanza na Magharibi, ikiwemo graniti kama ile ya Kit Mikayi kule Seme, ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili. Wakati huo hapakuwa na mnyama wa mifupa popote duniani. Juu ya msingi huo wa kale kumelala majivu na matope ya volkeno ya enzi ya Miosini, ya miaka milioni 23 na kuja huku. Yaliyo katikati hayapo. Nakuru nako ni Bonde la Ufa, na kilichotanda pale ni volkeno changa zaidi.

Mwamba wa Jurasi Kenya uko pwani, kuanzia Mombasa kuelekea Kilifi, na pia kaskazini mashariki upande wa Mandera. Ule wa pwani uliwekwa na bahari, kwa hiyo mabaki yake ni hasa ya viumbe wa baharini. Kwa Afrika Mashariki, wanyama wa nchi kavu wa Jurasi wanajulikana zaidi Tendaguru, karibu na Lindi nchini Tanzania.

Kwa hiyo hatuna mamba wa kale?

Tunao, tena wa kujivunia, ila si wa Jurasi. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi wakiwemo Wakenya lilitangaza *Kinyang mabokoensis*, mamba wa Miosini kutoka Kisiwa cha Maboko, hapo kwenye Ghuba ya Winam, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Aliishi miaka kama milioni 15 iliyopita, alikuwa na fuvu fupi nene, na jamaa yake wa karibu aliye hai ni mamba mdogo wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Kinyang ni neno la Kiturkana la mamba. Mjaluo akilisikia huligeukia mara moja, kwa sababu kwao mamba ni *nyang'*.

Rusinga nako kuna *Brochuchus pigotti*, ambaye tutarudi kwake chini ya swali la mabano. Mifupa ya visiwa hivi na ya Koru ilihifadhika kwa msaada wa volkeno za Kisingiri na Tinderet. Majivu yao yalikuwa na chokaa nyingi, na chokaa huzuia mfupa usiyeyuke ardhini.

## Jina linavyofanya kazi

Jina la kisayansi lina sehemu ngapi?

Mbili. La kwanza ni la jenasi, yaani kundi la wanyama walio jamaa wa karibu sana, huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni: *Fruitachampsa*. La pili ni la spishi, yaani aina moja ndani ya kundi hilo, huanza kwa herufi ndogo daima, hata kama linatokana na jina la mtu au mahali: *callisoni*. Yote mawili huandikwa kwa herufi za mlazo. Jina la jenasi ni lazima liwe la pekee katika wanyama wote, hai na waliokwisha. La spishi laweza kurudiwa kwenye jenasi tofauti, ndiyo maana utakuta *africanus* kwa wanyama chungu nzima.

Miisho nayo inasema kitu. Mwisho *-i* kwa kawaida ni heshima kwa mwanamume, *-ae* kwa mwanamke, *-ensis* ni mahali. Mabokoensis ni wa Maboko. *Turnersuchus hingleyae*, jamaa wa mamba wa Jurasi kutoka Uingereza, amepewa jina la pili kwa heshima ya mwanamke.

Fruitachampsa callisoni linatokana na nini?

Fruita ni mji. Champsa ni neno la kale ambalo Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Wamisri walilitumia kumwita mamba. Callison ni mtafiti George Callison, aliyeongoza uchimbaji huko. Mwisho mwingine utakaoukuta sana, *-suchus*, umetokana na jina la Kigiriki la mungu-mamba wa Misri, Sobek. Majina haya yana asili ya Afrika hata pale mnyama mwenyewe ni wa Arizona.

Eneo hilo la Fruita limetoa pia *Fruitafossor*, mnyama mdogo wa kuchimba aliyepewa jina mwaka 2005, na *Fruitadens*, dinosaria mdogo sana wa mwaka 2010.

Kwa nini alikaa zaidi ya miaka 30 bila jina?

Alichimbwa miaka ya 1970, jina likachapishwa mwaka 2011 na James Clark. Katikati ya hapo wataalamu walimjua, wakamtaja katika maandishi yao kwa jina la utani lililotokana na mji wa Fruita, wakamlinganisha na wengine. Lakini jina la utani si jina.

Watu hushangaa kusikia muda huo, na wengine hukasirika. Fikiria kazi yenyewe. Mfupa wa mnyama wa chini ya mita moja umekwama ndani ya jiwe. Unatolewa kwa sindano na hadubini, punje kwa punje, na fuvu moja linaweza kumla mtu miezi. Kisha kila mfupa unaelezwa kwa maandishi na michoro, na unalinganishwa na mifupa ya jamaa waliotawanyika katika makumbusho ya mabara kadhaa. Andiko linapelekwa kwenye jarida, wahakiki wanalirudisha na maswali. Na aliyeianza kazi hiyo ana wanafunzi wa kufundisha na mifupa mingine mezani. Kusubiri huku kumewapata wengi: *Simbakubwa* wa huku kwetu alilala ndani ya droo mjini Nairobi kwa miongo, na *Mambawakale* wa Tanzania alichimbwa mwaka 1963 akapewa jina mwaka 2022.

Mimi naona afadhali kusubiri kuliko jina la haraka lililobandikwa kwenye kipande cha mfupa kisichotosha. Jina la namna hiyo huwasumbua watu kwa karne nzima.

Nani ana mamlaka ya kutoa jina?

Yeyote anayefuata kanuni. Hakuna ofisi inayotoa kibali cha jina kabla. Kuna Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inayotunza kitabu cha kanuni, na toleo la nne ndilo linalotumika tangu 1 Januari 2000. Tume huamua pale mgogoro unapopelekwa mbele yake. Kwa kawaida anayetoa jina ni yule aliyefanya uchunguzi na kuuchapisha. Aliyeuokota mfupa hana haki ya moja kwa moja ya kuchagua jina, ingawa mara nyingi ndiye anayeheshimiwa kwa hilo jina.

Ni masharti gani lazima yatimizwe?

Jina liandikwe kwa alfabeti ya Kilatini. Lichapishwe rasmi, kulitangaza redioni au kuliandika kwenye bango hakuhesabiki. Andiko liseme wazi kwamba jina ni jipya, na lieleze mnyama huyu anatofautianaje na wengine. Tangu mwaka 2000 ni lazima pia kutaja mfupa mmoja maalum unaobeba jina, na makumbusho unakohifadhiwa. Na tangu 2012 jarida la intaneti pekee linakubalika, mradi andiko lisajiliwe kwenye daftari rasmi liitwalo ZooBank.

Kanuni inayotawala zote ni ya kutangulia. Mnyama mmoja akipewa majina mawili, la kwanza kuchapishwa ndilo linalosimama. Hesabu ya majina ya wanyama inaanzia mwaka 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Mswidi aliyeeneza mtindo huu wa majina mawili.

Holotaipu ni nini?

Ni ule mfupa mmoja maalum niliotaja hapo juu. Ukishauelewa huo, umeelewa nusu ya somo hili. Jina halibebwi na picha wala maelezo, wala na kundi zima la wanyama. Linabebwa na kielelezo kimoja, chenye namba, ndani ya droo inayojulikana. Ni kama bikoni ya shamba: majirani wakibishana mpaka upite wapi, wote wanarudi kwenye jiwe lile lile lililochimbiwa ardhini. Watafiti wakibishana iwapo mfupa mpya ni wa *Kinyang* au si wake, wanarudi kwenye holotaipu na kulinganisha.

Namba za Kenya zinasomeka kwa urahisi. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha herufi mbili za mahali: MB ni Maboko, RU ni Rusinga, KO ni Koru, SO ni Songhor, FT ni Fort Ternan. Kwa hiyo ukisoma KNM-RU 7290, unajua kabla ya kuuliza kwamba huo umetoka Rusinga. Huo ni uso na fuvu la nyani mkubwa wa kale lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1948.

Jina linaweza kuwa la Kiswahili, Dholuo au Kisuba?

Linaweza, na majina hayo yapo tayari. Kanuni haidai Kilatini wala Kigiriki. Inadai tu herufi za Kilatini.

*Ekembo*, nyani wa kale wa Rusinga na Mfangano, ana jina la Kisuba lililochapishwa mwaka 2015. *Simbakubwa kutokaafrika*, wa mwaka 2019, alipatikana Meswa Bridge, upande wa Muhoroni na Koru, katika miamba ya miaka kama milioni 22. Tanzania wametutangulia kwa wingi: *Pakasuchus kapilimai* wa mwaka 2010, jamaa wa mamba wa ukubwa wa paka aliyekuwa na meno ya kutafuna kama ya mamalia, *Asilisaurus kongwe* wa mwaka huo huo, *Shingopana songwensis* wa 2017, na *Mnyamawamtuka moyowamkia* wa 2019, dinosaria ambaye pingili zake za mkia zina umbo la moyo. Mtoto wa darasa la nne anayesoma Kiswahili analielewa jina hilo kabla ya profesa wa Berlin.

Nalisema hili kwa moyo wote: majina haya yana uzito. Kwa muda mrefu mifupa ya Nyanza iliitwa kwa majina ya maofisa wa kikoloni na wenye mashamba. *Deinotherium hobleyi* wa Karungu, wa mwaka 1911, ana jina la ofisa Hobley. *Kenyapithecus wickeri* wa Fort Ternan, wa 1962, ana jina la mwenye shamba. Majina hayo hayafutwi, kwa sababu ya kanuni ya kutangulia. Lakini yanayokuja yanaweza kuwa ya watu wa hapa. Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey kwa miongo mingi, yumo ndani ya *Ekembo heseloni*. Kamoya Kimeu yumo ndani ya *Kamoyapithecus*. Wachimbaji wengi wengine bado hawamo popote.

Je, jina likimdanganya msomaji, linafutwa?

Halifutwi. *Simbakubwa* si simba. Ni wa kundi la walanyama lililokwisha lote. *Mambawakale ruhuhu* wa Triasi ni jamaa wa mbali wa mamba, si mamba kamili. Kisa maarufu zaidi ni cha *Basilosaurus*: ni nyangumi, lakini mwisho wa jina lake unamwita mjusi. Mtaalamu wa Uingereza Richard Owen alipotambua kosa alipendekeza jina jingine lenye maana sahihi, lakini la kwanza likabaki. Jina ni la kumtambulisha mnyama, si la kumweleza.

Mtu anaweza kujipa jina mwenyewe, au kulinunua?

Kujipa mwenyewe hakukatazwi na kanuni, lakini wenzako watakuona huna adabu, na sijui anayetaka sifa hiyo. Kuhusu fedha, wafadhili huheshimiwa kwa majina: *Fruitadens haagarorum* ni familia iliyolisaidia jumba la makumbusho la Los Angeles. Mimi sioni ubaya, mradi mfupa ubaki mahali ambapo kila mtafiti anaweza kuuona.

## Ukiokota mfupa

Nimeona mfupa uliogeuka jiwe shambani. Nifanye nini?

Usiuchimbue. Najua mkono unawasha, hasa mvua ya masika ikishaosha korongo na mfupa ukatokeza nusu. Lakini tabaka la udongo ulimolala ndilo linalotoa umri wake, na mfupa uking'olewa umri huo unapotea, mara nyingi moja kwa moja. Piga picha mbili: moja ya karibu ukiweka kalamu au sarafu kando ili ukubwa ujulikane, nyingine ya mbali inayoonyesha korongo au mti wa karibu. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu. Kisha toa taarifa kwenye makumbusho yaliyo karibu nawe: Kisumu Museum kwa watu wa Nyanza na Magharibi, Hyrax Hill kwa watu wa Nakuru. Zote ziko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kama huna hakika ni mfupa au jiwe tu, tazama sehemu iliyovunjika. Ndani ya mfupa utaona vitundu vidogo vidogo vya sponji, na kwa nje ukuta laini ulioshikamana. Jiwe la kawaida halina mpangilio huo.

Ukiwa kwenye shamba langu, si wangu?

Hapana. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, visukuku ni mali ya umma, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Usiuze kwa anayekuja na pesa taslimu na gari la kukodi. Mfupa ukiingia nyumbani kwa mtu binafsi, hakuna jarida makini litakalokubali jina lake, kwa sababu iliyoelezwa chini ya swali la holotaipu.

## Mambo yenye utata

Ikiwa jina limekwisha kutumiwa na mtu mwingine bila mtoaji kujua?

Jina jipya linaanguka, na mnyama hupewa jingine. Barnum Brown, yule aliyepata mifupa inayobeba jina la *Tyrannosaurus rex*, alimtangaza mamba mdogo wa Arizona mwaka 1933 kwa jina *Archaeosuchus*. Jina hilo Robert Broom alikuwa amelitumia mwaka 1905 kwa mnyama wa Afrika Kusini. Mwaka uliofuata Brown akamwita *Protosuchus*, na ndivyo anavyoitwa hadi leo.

Tofauti ya herufi moja inatosha?

Kwa jenasi, inatosha. Mnyama wa Tendaguru aliyeitwa *Kentrosaurus* mwaka 1915 alibadilishiwa jina mara mbili mwaka 1916 na watu wawili tofauti, wote wakidhani amegongana na *Centrosaurus* wa Kanada. Kazi bure: K na C ni herufi mbili, na jina la kwanza likasimama.

Wanasayansi wakigundua baadaye kwamba walimweka mnyama kwenye ukoo usio wake?

Jina linahamia naye. Mtafiti wa Marekani Othniel Marsh alielezea mwaka 1884 taya moja kutoka Wyoming, lisilo na meno mbele, akaliita *Macelognathus vagans*. Aliona dalili za kobe. Wengine baadaye wakasema ni dinosaria. Mwaka 2005, kwa msaada wa mifupa kamili zaidi kutoka kule kule Fruita, ikabainika kwamba ni jamaa wa mamba, mkimbiaji mwembamba wa nchi kavu. Kobe, dinosaria, mamba: miaka 121, na jina ni lile lile.

Kwa nini mara nyingine jina la mtoaji liko ndani ya mabano?

Mabano yanasema kwamba spishi imehamishwa jenasi. Tchernov na Van Couvering walimtangaza mamba wa Rusinga mwaka 1978 kama *Crocodylus pigotti*. Mwaka 2013 ilionekana kwamba hafai kuwa ndani ya *Crocodylus*, akapewa jenasi yake. Leo anaandikwa *Brochuchus pigotti* (Tchernov na Van Couvering, 1978). Bila mabano, jina liko palepale lilipozaliwa.

Holotaipu ikipotea au kuharibiwa?

Jina halifi, lakini linabaki bila mahali pa kuegemea. *Stomatosuchus*, jamaa mkubwa wa mamba kutoka Misri aliyeelezwa na Ernst Stromer mwaka 1925, aliangamia Munich mwaka 1944 makumbusho yaliposhambuliwa kwa mabomu. Tumebakiwa na maandishi ya Stromer. Kanuni inaruhusu kuteua kielelezo kingine cha kubeba jina, lakini lazima kwanza kipatikane, tena kiwe kinafaa. Wakati huohuo kila swali jipya kuhusu fuvu lile linakosa wa kulijibu. Ndiyo maana nawasihi walimu wasipuuze picha na nakala za plasta.

Nyayo zilizogeuka jiwe zina majina?

Zina, na ni majina ya nyayo, si ya mnyama. *Batrachopus*, lililotolewa na Hitchcock mwaka 1845, ni nyayo za mwanzo wa Jurasi zinazoaminika kuachwa na jamaa wadogo wa mamba. Ni nadra sana kumkuta mnyama amefia mwisho wa nyayo zake, kwa hiyo majina hayo mawili huenda sambamba bila kuunganishwa.

Jina lililoandikwa kwenye tasnifu ya chuo kikuu linahesabika?

Kwa kawaida halihesabiki, kwa sababu tasnifu si uchapishaji rasmi. Mtaalamu wa Uingereza Alan Charig aliwaelezea wanyama wa bonde la Ruhuhu, Tanzania, katika tasnifu yake ya Cambridge ya mwaka 1956, na majina aliyoyabuni yakaenea vitabuni bila msingi wa kisheria. *Mandasuchus* alingoja hadi 2018, na waandishi wakamtaja Charig kuwa mmoja wao ingawa alifariki mwaka 1997. *Teleocrater* alirasimishwa mwaka 2017 kwa jina lile lile la Charig. Lakini yule ambaye Charig alimwita *Pallisteria* baadaye, nje ya tasnifu hiyo, hakubahatika: jina halikuwa na maelezo ya kutosha kulibeba, na mnyama huyo ndiye leo anayeitwa *Mambawakale*.